Kioo Kifuate Mtutu, Kisifuate YouTube

Wasee, leo sina mzaha. Hii posti ni deni la ami yangu, na deni lenyewe ni mashimo manne kwenye fremu ya bastola yake. Fundi ndiye alotoboa, lakini aliyesema yatobolewe ni mimi.

Wageni wa hapa wajue: ami ana leseni, na ile bastola yake ni ya shabaha. Karatasi, mita 25, mkono mmoja, pole pole, risasi moja moja. Mimi humfuata uwanjani kumshuti (kwa kamera, tulieni). Bastola sishiki, na wewe ya mtu usishike. Na kama kuna anayeona kijana wa Shanzu akitaja bastola lazima ana nia mbaya, apite tu. Mtu wa Nyali akiongea hivi mnaita hobi.

Sasa, ami macho yamechoka. Vile vyuma vya kulengea vya kawaida vinataka uone vitu vitatu kwa mpigo: pengo la nyuma, kijino cha mbele na karatasi kule mbali. Jicho la mzee haliwezi kuvinyoosha vyote. Kioo cha nukta nyekundu kinakupunguzia kazi: unatazama karatasi, nukta inakaa juu yake, basi. Akanunua. Swali likabaki, kifungwe wapi?

Njia ni mbili. Ya kwanza, juu ya slaidi, ile sehemu ya juu inayoruka nyuma kila risasi ikitoka. Ya pili, kwenye fremu, yaani sehemu ya chini yenye mpini: unaweka mkono wa chuma unaopanda ubavuni na kubeba kioo juu, slaidi inapita chini yake bila kukigusa.

Akaniuliza mimi. "Wewe ndiye ulosoma," akasema. Miaka miwili ya enjinia kabla karo kunishinda, lakini kwake mimi ni injinia. Nikatazama video usiku mzima, nikaona mabingwa wa mbio, wale wanaopiga shabaha kumi kabla hujapepesa macho, wote kioo kiko kwenye fremu. Nikamwambia kwa kujiamini kabisa: ami, weka kwa fremu, kitu kisichosonga ndicho cha kuaminika.

Inasikika vizuri, eh? Hata maskani hapa stage ya Shanzu nikiwauliza, tisa kati ya kumi wanajibu hivyo hivyo. Na nyinyi mnaocheza PUBG ndio kabisa, kwa sababu mle ndani kioo kinajibandika chenyewe ukibonyeza. Hakuna skrubu, hakuna mahali pa kulegea.

Ni uongo. Ama tuseme ni ukweli wa mchezo mwingine.

Nikupe mfano wa kazi yangu. Nilipoanza kurekodi safari za boda kutoka hapa hadi Mtwapa, kamera niliifunga kwa usukani. Kila dereva akikata kona kidogo, picha yote inageuka, ungedhani tunaingia baharini. Boda yenyewe ilikuwa inaenda sawa. Kamera hukuonyesha kile kitu ilichofungwa juu yake. Na kioo cha bastola vile vile: kinakuambia pale kilipofungwa panatazama wapi. Risasi haitoki kwenye fremu. Inatoka kwenye mtutu.

Kwenye bastola nyingi kubwa za aina hii, wakati wa kufyatua, mtutu umejifunga na slaidi. Hao wawili ni kitu kimoja kwa ile sekunde inayohesabika. Fremu ni jirani tu. Slaidi inateleza juu ya reli za fremu, na reli zikichakaa slaidi hairudi mahali pale pale kila mara. Tuseme upande mmoja umekaa tofauti kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, kwenye urefu wa sentimita 15. Kidogo hivyo. Ukifika mita 25 hiyo imekuwa karibu milimita 17. Sasa chukua ile karatasi ya kimataifa ya mita 25: duara la 10 lina upana wa milimita 50, yaani kutoka katikati una 25 tu. Theluthi mbili imeshaliwa kabla mkono haujatetemeka! Na nukta kwenye kioo inakuonyesha uko katikati kabisa, kwa sababu kioo kiko kwenye fremu na fremu haijui kilichotokea juu.

Bastola ya ami ni ya zamani, slaidi ukiitikisa unaisikia. Ndio maana alipiga miezi miwili, mara 10, mara 8, mara kule, akidhani ni uzee. Mzee alianza kusema aiache. Hilo ndilo liliniuma kuliko mashimo.

Basi mbona mabingwa wanaweka kwa fremu? Sababu mbili. Moja ni historia. Aimpoint wa Sweden walitoa kioo chao cha kwanza cha nukta ya umeme mwaka 1975, na vile vya zamani vilikuwa mabomba mazito. Ukilipachika hilo juu ya slaidi, slaidi inachoka kurudi. Fremu ikawa ndiyo mahali. Ya pili ni kasi: kwenye kitengo cha wazi cha IPSC mtu anataka nukta isiruke na slaidi, aione mapema kwa risasi ya pili. Na bastola zao zimekazwa na mafundi mpaka slaidi haina pa kucheza. Ukiiga kioo chao bila bastola yao, umeiga nini?

Siku hizi kuna vioo vidogo, gramu chache, slaidi inavibeba. Kwenye IDPA, ule mchezo unaopigwa Kirigiti kule Kiambu, kitengo chao cha vioo kinataka kabisa kioo kiwe kwenye slaidi. Kwa hivyo hata kanuni ya mchezo wako inaweza kukuamulia. Soma kanuni kwanza, pesa baadaye.

Najua kuna atakayesema slaidi inapiga kioo, skrubu zinalegea. Kweli. Kaza kwa kipimo, tia gundi ya skrubu, chora mstari wa rangi kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye bati ili ukitazama tu ujue kama imesonga. Nukta inaruka? Iruke. Anayepiga risasi moja moja ana haraka ya wapi?

Na kama bastola ni ile ndogo ya .22 ya shabaha, mfano Ruger Mark IV, hapo hamna hata mjadala. Mtutu umeshikana na mwili wa juu, kinachosonga ni kipande cha ndani tu. Unaweka reli juu, unafunga, unaenda nyumbani.

Kuna beshte alinirushia Yusuf Dikeç, yule mzee wa Uturuki aliyeshinda fedha Paris 2024 mkono mfukoni, eti hakuhitaji kioo. Bro, kanuni za ISSF kwa bastola haziruhusu kioo kwa mtu yeyote. Na bastola yake ya upepo, vile vyuma vya kulengea vimekaa pamoja na mtutu usiosonga. Yeye mwenyewe ananiunga mkono.

Kitu kinachonichoma: kulikuwa na bati jembamba linaloingia kwenye mfereji wa kile chuma cha nyuma, juu ya slaidi. Halitaki shimo hata moja, na likikukataa unalitoa. Tungejaribu hilo kwanza. Mimi nilianza na keekee, kitu kisichorudi nyuma, tena kwa silaha ya leseni ambayo si kila fundi anaruhusiwa kuigusa. Ami amelipa mara mbili.

Bati tumelifunga wiki jana. Mashimo yamezibwa kwa skrubu fupi, nimeyachukua picha karibu karibu kwa amri yake. "Watie kwenye hiyo video yako," aliniambia, "na useme ni nani alosema." Jumamosi tunarudi uwanjani, na safari hii mimi ni wa kamera tu.