Huo Mlima wa Mchele Unatuumiza, na Sisi Tunauita Maisha Mazuri

Wadau wa Mikinduri, na nyinyi mlioko Meru mjini, Embu, Nairobi, popote mnaponisoma mkiwa na sahani mapajani: leo sitaongea siasa wala mapenzi. Leo ni mchele. Ule mlaini, unaoshikana, ambao ukichota na kijiko unakuja wote kama familia inaenda harusi.

Msimamo wangu ni huu, niuweke mapema ili mwenye kukasirika akasirike sasa. Mchele mweupe wa kunata ni mtamu sana, na ni hatari kuufanya mfalme wa sahani kila siku. Na hatuuli kila siku kwa sababu ya utamu peke yake. Tunaula kwa sababu ya bei, na kwa sababu tunaogopa kuonekana washamba.

Watu wa Pwani watanicheka kwanza: kwao mchele ni ule mbichi, ukiiva ni wali. Sawa, wako sahihi. Lakini hapa kwetu tunasema tunakula mchele, na ndivyo nitaandika.

Nianze na sifa zake, juu siwaamini wale watu wa afya wa mtandaoni wanaoongea kama hawajawahi kufurahia chakula. Mchele laini ni raha. Umepikwa kwa sufuria nzito, makaa yakawekwa juu ya kifuniko, ukajikaukia polepole mpaka chini ukashika ukoko. Unaufinyanga na vidole kama ugali, unatumbukiza kwa supu ya madondo, unashuka bila kelele. Mtoto anayekataa kila kitu anaukubali. Mgonjwa asiye na hamu anaukubali. Tumbo likisumbua, ndio unatulia. Ukiniambia huupendi nitajua unadanganya.

Lakini tuelewane tunaongea kuhusu mchele gani. Mchele wa kunata wenyewe, ule halisi, ni wa Laos na kaskazini mashariki mwa Thailand. Kule wanauloweka, wanaupika kwa mvuke ndani ya kikapu cha mianzi, wanaula kwa mkono. Siri iko kwa wanga. Wanga wa mchele una sehemu mbili: amilosi na amilopektini. Amilosi ikiwa nyingi, punje zinakaa mbalimbali. Amilosi ikikosekana karibu yote, punje zinashikana kama gundi.

Wetu una hadithi nyingine. Pishori ya Mwea, ambayo mbegu yake inaitwa Basmati 370, ukiipika vizuri punje zinaachana na harufu inafika kwa jirani kabla hujapakua. Lakini Kenya inakula mchele mwingi kuliko inaolima, kwa hivyo sehemu kubwa inatoka nje, Pakistan na Tanzania zikiwemo. Unaofika kibandani mara nyingi ni ule wa bei ya chini, wenye chenga nyingi. Chenga zikichemka zinaachilia wanga, maji yakizidi kidogo, sufuria nzima inakuwa kitu kimoja. Huo ndio mchele wa kunata wa kwetu. Hakuna aliyeupanga hivyo. Ulitokea tu, tukauzoea, tukaupenda.

Sasa twende kwa mwili. Mchele ukikobolewa na kung'arishwa, unavuliwa pumba na kiini chake. Huko ndiko kulikuwa na nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini B1. Hii si habari ya juzi. Miaka ya 1890, daktari Mholanzi anayeitwa Christiaan Eijkman alikuwa kisiwani Java akichunguza beriberi, ugonjwa unaodhoofisha mishipa ya fahamu na moyo. Akaona kuku waliolishwa mchele uliong'arishwa wanalegea miguu, na wakirudishiwa mchele ambao haujang'arishwa wanapona. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Karibu miaka mia moja imepita na bado tunaona mchele mweupe zaidi ndio wa maana zaidi.

Kinachobaki kwa punje ni wanga ambao mwili unauvunja haraka kuwa sukari. Wataalamu wana kipimo cha hiyo kasi, na glukosi yenyewe ndio 100. Mchele mweupe wa kawaida unacheza karibu na 70. Ule wa kunata wa Asia mara nyingi unapita 80. Maharagwe ya kuchemsha hayafiki 40. Sukari ikipanda mbio hivyo, kongosho linamwaga insulini ili kuishusha. Hiyo ni sababu moja ya wewe kusinzia saa nane mchana ukidhani mwalimu ndiye anachosha, halafu saa kumi unatafuta mandazi.

Mwaka 2012 jarida la tiba la BMJ lilichapisha kazi ya watafiti wa Harvard waliounganisha tafiti za watu zaidi ya 350,000 wa China, Japani, Marekani na Australia. Kila mlo wa ziada wa mchele mweupe kwa siku uliendana na hatari ya kisukari cha aina ya pili kupanda kwa takriban asilimia 11. Kuendana si kusababisha, na hakuna nchi ya Afrika kwa hizo nne, kwa hivyo sitakuambia hiyo namba ni ya Mikinduri. Lakini sikia hii: mlo mmoja kwa hesabu yao ni gramu 158 za mchele ulioiva. Hiyo ni kama kikombe kimoja. Nenda kibandani, pima mlima wako, halafu urudi tuongee.

Najua kuna mtu tayari anaandika hapa chini, "Babu zetu walikula na hawakufa." Babu yako hakula mchele, buda. Kwa hii miteremko ya Nyambene, mzee alikula viazi vikuu, ndizi, nduma, mtama, mawele, wimbi, mbaazi, kunde, njahi. Mradi wa Mwea ulianzishwa na serikali ya kikoloni miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, na mifereji yake ya kwanza ilichimbwa na watu waliokuwa kizuizini. Yaani ule mpunga tunaouona Wang'uru tukishuka na matatu kutoka Meru kwenda Nairobi una umri wa shosho yangu. Shosho mwenyewe anasema mchele kwao ulikuwa wa Krismasi, wa harusi, wa mgeni. Sisi chakula cha sherehe tumekifanya cha Jumatatu, Jumanne na Jumatano.

Na sisi watu wa miraa tuna jambo letu la kuambiana. Siko hapa kupiga vita miraa. Hayo majani ndiyo yalinilipia karo mpaka mwaka wa pili, nilipoachana na chuo. Lakini tuseme ukweli. Msee anaanza kutafuna saa tisa mchana. Miraa inaua njaa, na anaisindikiza na soda. Saa nne usiku taya limechoka, njaa imerudi na hasira. Hataki githeri ya kutafuna tena. Anataka kitu cha kuteleza. Ni mchele, sahani mbili, halafu kitanda. Usiku mwili unashughulikia sukari kwa ulegevu kuliko asubuhi, na huyo ameupakia soda na mlima wa wanga kwa mpigo mmoja. Kesho tena. Kesho kutwa tena.

Mjomba wangu aliishi hivyo. Alikuwa mwembamba, anapanda mti wa miraa kama kijana wa kidato cha pili. Alipimwa sukari akiwa na miaka 41, na si kwa sababu alijiona mgonjwa, ni kwa sababu kidonda cha mguu kilikataa kupona. Vidole viwili vilikatwa. Sisi tulikuwa tunajua kisukari ni cha wazee wanene wenye magari. Sisemi ni mchele peke yake ulimfikisha hapo. Kulikuwa na soda, kulikuwa na kulala saa nane usiku, pengine na damu ya ukoo. Lakini sahani yake naijua, juu nilikuwa nakula naye.

Sasa tuje kwa pesa, kwa sababu mtu akikuambia "kula vizuri" bila kuongea pesa anakupotezea wakati. Juzi nilimwambia mathe wa kibanda, "Mathe, nipunguzie mchele, uniongezee madondo." Akaniangalia. "Kijana, madondo ni bei. Mchele ndio unajaza."

Hapo ndipo mambo yote yalipo. Sahani ya shilingi 100 haijapangwa na daktari, imepangwa na hesabu. Mlima wa mchele, kijiko kimoja cha madondo, kabeji nyuzi nne, supu nyingi ili uone kama ni chakula kingi. Simlaumu mathe, naye analipa makaa na kodi. Lakini sisi tukiendelea kusifu kibanda kwa ukubwa wa mlima, atapika mlima. Na hapo kuna kichekesho: mbaazi na kunde zinalimwa hapa chini tu, kwa mashamba yetu na kuelekea Tharaka. Mchele huo mwingine umevuka bahari. Kilichovuka bahari kinatujaza, kilichomea nyumbani kimekuwa kitoweo cha kupakwa juu.

Sababu ya pili ni aibu, na hii ni yetu sisi vijana. Shule niliyosoma ilitulisha githeri yenye wadudu miaka minne. Wengi tuliapa tukitoka pale hatutaiona tena. Naelewa. Lakini aliyetukosea ni aliyenunua mahindi mabovu, si githeri. Leo mtu ana kazi ya kwanza Nairobi, akialikwa kula githeri anaona ameteremshwa. Akila mchele anaona amefika. Na sisi wa kontenti ndio tunachochea. Tunapiga picha za sushi na wali wa kukaanga, hakuna anayepost njahi. Nani amewahi kuwekwa kwa status na sahani ya nduma?

Kuna hoja moja ya maana nitaijibu kwa heshima: "Wajapani wanakula mchele kila siku na wanaishi miaka mingi." Kweli. Angalia bakuli lao. Ni dogo. Kando kuna samaki, soya, mboga, supu. Mchele uko mezani na wenzake. Wetu uko peke yake na supu. Ukitaka kula mchele kama Mjapani, anza na bakuli la Mjapani.

Wala siwaungi mkono wale wa upande mwingine, wanaouza majani ya kupunguza tumbo wakisema wanga ni sumu. Wanga si sumu. Mtu anayelima siku nzima anauhitaji. Wewe uliyekaa kwa simu tangu asubuhi unauhitaji kidogo kuliko yeye, basi.

Kwa hivyo tufanye nini? Mimi nafanya hivi, na bei haijapanda sana. Kwa kibanda naomba nusu ya mchele na madondo au ndengu mara mbili. Naongeza shilingi kumi au ishirini. Nikipika mwenyewe, nachanganya mchele na ndengu kwa sufuria moja. Watu wa Pwani na Zanzibar wana mseto, mchele na choroko vimeiva pamoja vikalainika, kwa hivyo ule ulaini unaoupenda unabaki, na mlo una nguvu. Mboga ziwe za kuonekana. Avokado hapa Meru ni nyingi, tumia. Githeri mara mbili kwa wiki, ya kukaangwa vizuri na kitunguu na dania, na utashangaa ulikuwa umekasirikia nini. Ule mlima wa usiku baada ya miraa, uache kabisa. Kula kabla hujaanza kutafuna.

Na kitu kimoja cha usalama: mchele wa jana uliolala kwa sufuria mezani, usiule. Kuna bakteria mbegu zake hazifi kwa kuchemka, na mchele ukikaa kwa joto la nyumba zinaamka na kutoa sumu ambayo hata kupasha moto hakuiondoi. Huna friji, pika unaoumaliza.

Mwisho, nenda upimwe sukari. Ni tone la damu kwa kidole, dakika chache. Usingoje kidonda.

Hakuna anayekunyang'anya mchele wako. Ninachodai ni ushushwe cheo, urudi kuwa wa Jumapili na wa mgeni, na siku zingine ukae pembeni kama kabeji inavyokaa sasa. Kibandani kwenu sahani ya shilingi 100 ina vijiko vingapi vya madondo? Hesabu leo, uniandikie hapa chini. Na taja mtaa, tujue wapi tunakula na wapi tunajazwa.