Ilemela na Ukerewe: Watu Wamekwenda Wapi?

Wazee wengi wa visiwani hulalamika kwamba watoto wao wamemezwa na mji. Mwezi huu twapenda wasomaji wetu wazitazame hesabu zenyewe, maana malalamiko hayo si ya bure.

Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012, Wilaya ya Ukerewe ilikuwa na watu 345,147, na Ilemela, ng'ambo ya maji, watu 343,001. Visiwa viliuzidi mji kwa watu 2,146 tu. Mwaka 2022 Ukerewe ilipata watu 387,815, lakini Ilemela ilifika 509,687. Yaani katika miaka kumi Ukerewe iliongezeka kwa watu kumi na wawili hivi katika kila mia, hali nchi nzima iliongezeka kwa thelathini na saba, na Ilemela kwa karibu hamsini. Tofauti kubwa namna hii haielekei kuwa ni ya vizazi peke yake. Watu wamehama.

Wala si ajabu. Kisiwa cha Ukara, kilichomo katika wilaya hiyo, chajulikana tangu zamani kwa wingi wa watu na uchache wa ardhi. Waukara walijifunza kulima shamba lile lile mwaka hata mwaka, wakifunga ng'ombe nyumbani na kuwakatia majani ili wapate samadi. Ni elimu ya kusifiwa sana. Lakini samadi huongeza mavuno, haiongezi shamba. Kijana aliyepewa kipande kidogo hutazama upande wa Mwanza.

Yafaa kujua pia kwamba mtu huhesabiwa pale alipolala usiku wa hesabu. Mchuuzi aliyevuka na magunia ya dagaa akalala Kirumba, amekuwa mtu wa Ilemela katika vitabu, ingawa mkewe yuko Bwisya akimngoja. (Juu ya dini hesabu hizi hazisemi neno: swali hilo liliulizwa mara ya mwisho mwaka 1967. Mwaka 2012 lilizusha maneno mengi, lakini leo hatuna haja ya kuyarudia.)

Linalotushughulisha zaidi ni mirathi. Baba afapo kisiwani, ndugu aliyebaki akilima hudhani kwamba shamba ni lake, na aliyeko Ilemela hudhaniwa kuwa ameliacha. Sivyo. Kuhama hakumwondolei mrithi fungu lake, wala binti aliyeolewa mjini hapotezi la kwake. Tena aliyebaki ana jasho lake katika ardhi ile, na jambo hilo lataka kuzungumzwa mapema, baba angali hai, mbele ya watoto wote, wa kisiwani na wa mjini. Kipande chembamba kisichogawanyika chaweza kuthaminiwa, mmoja akakishika na wenzake wakalipwa mafungu yao. Lakini kwanza majina yote yaandikwe, pamoja na ya wale ambao hawajavuka kurudi Nansio kwa miaka mingi.