Ziwa Kivu: vifaa vya zamani ndani ya boti bado vinawaka, lakini je, vinasema kweli?

Kila mara boti inapozama katika Ziwa Kivu ao Ziwa Tanganyika, maombi kwa serkali yanakuwa yale yale: boti mpya, jile za kujiokoa, na "vifaa vya kisasa". Neno hili la mwisho linasemwa haraka, na ni wachache wanaoeleza maana yake. Vifaa gani? Vya kuonyesha nini? Na kwa boti ambayo tayari ina GPS, redio na kipima kina vilivyofungwa miaka 15 ao 20 iliyopita, kipi kibadilishwe kwanza?

Swali hili haliwahusu mafundi peke yao. Tangu mwezi wa pili mwaka 2024, mapigano karibu na Sake yalipofunga barabara ya Goma na Minova, ziwa ndilo lililobeba chakula, wafanya biashara na wakimbizi. Tarehe 3 mwezi wa kumi mwaka ule, boti MV Merdi iliyotoka Minova ilipinduka ikiwa karibu kufika bandari ya Kituku, mjini Goma. Gavana wa Kivu ya Kusini alitangaza kwamba watu 278 walikuwa ndani, na kwamba wasiopungua 78 walikufa. Miaka mitano mbele ya hapo, mwezi wa nne 2019, ajali nyingine upande wa Kalehe iliacha watu wapatao 150 bila kujulikana walipo, kwa hesabu iliyotolewa na Rais Félix Tshisekedi.

Ukitazama vifaa hivi kimoja kimoja, mambo mawili yanaonekana wazi. Kifaa kilichozeeka lakini bado kinawaka kinaweza kuwa hatari kuliko kukosa kifaa, kwa sababu kapiteni anakiamini. Na kifaa kipya kisicho na mtu wa kukisikiliza nchi kavu ni pesa iliyotupwa majini.

Vifaa vitatu vinavyodanganya

Cha kwanza ni GPS. Kifaa hiki kinapata tarehe kwa kuhesabu majuma. Hesabu ya zamani ina nafasi ya majuma 1,024 tu, karibu miaka 20, kisha inaanza tena kwenye sifuri. Ilianza upya mwezi wa nane 1999, ikaanza tena usiku wa tarehe 6 kuamkia 7 mwezi wa nne 2019, na itafanya hivyo tena mwezi wa kumi na moja 2038. Vifaa vya zamani ambavyo programu yake haikufanywa upya vinaweza kuonyesha tarehe ya miaka karibu 20 nyuma. Kimoja kinaendelea kuonyesha mahali sawasawa, kingine kinachelewa kupata setilaiti ao kinakwama kabisa. Kapiteni anaweza kujipimia bila kulipa fundi: atazame tarehe kwenye kioo. Kama si ya leo, kifaa hicho kisiaminiwe siku ya ukungu.

Cha pili ni kisanduku cha dharura, kile kinachotuma alama ya kuomba msaada mpaka kwenye setilaiti. Visanduku vya zamani vinatumia mawimbi ya 121.5 MHz. Tangu tarehe 1 mwezi wa pili 2009, mfumo wa kimataifa wa Cospas-Sarsat uliacha kusikiliza mawimbi hayo kwa setilaiti. Sasa unasikiliza yale ya 406 MHz. Ukibonyeza kisanduku cha zamani, taa yake itawaka kama kawaida, lakini hakuna setilaiti inayosikia. Hata kile cha 406 kina batri yenye tarehe ya mwisho, na kinapaswa kuandikishwa kwa jina la boti ili waokoaji wajue wanamtafuta nani.

Cha tatu ni kipima kina. Kinatuma mlio chini ya maji na kuhesabu muda wa mwangwi kurudi. Mahali penye mita 30, mwangwi unarudi kwa muda wa kama sehemu nne kwa mia za sekunde. Lakini chini ya Ziwa Kivu panateremka ghafla, hadi karibu mita 485, na kipima kina kidogo hakifiki huko. Vifaa vingi vikipoteza chini ya ziwa vinaacha namba ya mwisho ikimeta-meta kwenye kioo. Asiyejua anaisoma kama kweli. Ongeza uchafu ao rangi nzito iliyopakwa juu ya sikio la kifaa chini ya boti, na namba zinazidi kupotea.

Mitumba kutoka boti za matanga

Vifaa vingi vya aina hii vinavyouzwa kwa mtandao vimetolewa kwenye boti za matanga na za uvuvi za Ulaya, wenyewe walipoamua kubadilisha. Inafaa kujua kwa nini walivitoa, hata vile ambavyo bado vinawaka.

Kwenye boti ya matanga, kipima upepo, kipima mwendo, kipima kina, GPS na usukani wa otomatiki vinapaswa kuzungumza pamoja. Vya zamani vinatumia lugha inayoitwa NMEA 0183, iliyotoka mwaka 1983: kifaa kimoja kinasema, vingine vinasikiliza, kila kimoja na waya wake. Vya sasa vinatumia NMEA 2000, ambamo waya mmoja unabeba maneno ya vifaa vyote. Kifaa cha lugha ya kwanza hakielewani na cha lugha ya pili bila kitafsiri katikati. Ndiyo maana mwenye boti, kioo kimoja kikimfia, mara nyingi anajikuta amebadilisha vyote kwa pamoja na kuviuza vile vya zamani.

Mnunuzi wa kwetu anapokea basi kioo bila sikio lake la chini ya maji, ao kioo chenye vichwa vya waya ambavyo havitengenezwi tena. Kwa hiyo kuna maswali manne ya kuuliza mbele ya kulipa. Je, sikio na nyaya vinakuja pamoja na kioo? Kinatumia volti 12 ao 24, na boti yangu ina volti ngapi? Kinasema lugha gani? Na ramani ya Ziwa Kivu ao Tanganyika imo ndani yake? Kioo kizuri chenye ramani ya pwani ya Ufaransa hakimsaidii mtu anayetafuta mlango wa Kituku.

Kipi kwanza?

Kwa boti ya abiria yenye pesa kidogo, mpangilio wa akili hauanzi na kioo kikubwa.

Unaanza na umeme: batri, nyaya na fyuzi. Magonjwa mengi yanayosemwa kuwa ya GPS ao ya redio yanatoka kwenye kiungo cha waya kilichoshika kutu. Kufunga kifaa kipya juu ya waya mbovu ni kununua ugonjwa ule ule mara ya pili.

Kisha taa za boti na dira ya sumaku. Dira haina batri, na hakuna anayeweza kuivuruga kutoka mbali. Hili si jambo la vitabu tu: mwaka 2024 Umoja wa Mataifa uliripoti kwamba mawimbi ya GPS yalikuwa yanavurugwa katika Kivu ya Kaskazini, hali inayohatarisha ndege. Kama rubani anaweza kupotezewa njia, kapiteni wa boti pia anaweza.

Kisha redio ya VHF, angalau ile ya mkononi isiyoingia maji. Nyuma yake GPS ndogo inayofanya kazi kweli, kisha kipima kina kwa boti zinazoingia katika vighuba vidogo. Rada na vioo vikubwa vinakuja mwisho.

Nani anasikiliza?

Wengi watasema: tuna simu, redio ya nini? Simu inafika kwa mtu mmoja, tena ikiwa mtandao upo na ikiwa anapokea. Redio ya VHF kwenye chaneli 16, ile ya dharura, inasikiwa na kila boti iliyo karibu kwa wakati mmoja, na boti iliyo karibu ndiyo inayoweza kuokoa watu wakingali hai.

Lakini VHF inaenda kama jicho: kilima kikisimama katikati, haipiti. Boti mbili zenye antena mita nne juu ya maji zinaweza kusikilizana hadi karibu kilomita 16. Ukiweka antena ya kituo kwenye kilima cha mita 200 juu ya ziwa, boti ile ile inaweza kusikiwa hadi karibu kilomita 65, kama hakuna kinachozuia. Ziwa Kivu lina urefu wa karibu kilomita 90, na vilima havikosekani. Kisiwa cha Idjwi kinafunga njia katikati, lakini vituo vichache vilivyopangwa vizuri vingefunika sehemu kubwa ya maji ambamo abiria wanapita. Kazi hiyo haihitaji mitambo ya ajabu. Inahitaji mtu aliyelipwa kukaa mbele ya redio mchana na usiku, na boti ya kutuma akisikia kilio.

Redio mpya zina pia kitufe chekundu kinachotuma kilio pamoja na mahali boti ilipo. Kitufe hicho hakifanyi kazi bila namba ya boti kuingizwa ndani, namba inayotolewa na serkali. Zile za Kongo zinaanza na 676. Redio isiyounganishwa na GPS nayo italia bila kusema iko wapi. Basi anayenunua redio hiyo bila kuomba namba amenunua nusu ya kifaa.

Hapa ndipo siasa inaingia. Goma na Bukavu ziliingia mikononi mwa AFC/M23 mwanzoni mwa 2025, na ng'ambo ni Rwanda. Lakini chaneli 16 haiulizi mtu anatoka upande gani. Kwenye Ziwa Victoria, Tanzania na Uganda zimeingia katika mradi wa pamoja wa mawasiliano ya uokozi wenye kituo Mwanza. Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Kati ya mambo yote ambayo pande hizi zinaweza kuzungumza, kusikiliza watu wanaozama ni moja ya yale mepesi zaidi.

Ambalo kifaa hakiwezi

Inabaki kusema ukweli mmoja mchungu. MV Merdi ilipinduka mchana, watu wakiitazama kutoka ufuoni. Haikupotea njia. Manusura na walioshuhudia walisema ilikuwa imejaa kupita kiasi. Hakuna GPS inayohesabu abiria, na hakuna kipima kina kinachomkatalia mwenye boti kuongeza magunia.

Kwa hiyo orodha ya vifaa visivyo na maana bila karatasi ya majina ya abiria ni orodha ya mapambo. Ukaguzi kwenye bandari ungeweza kufanya yote mawili kwa dakika chache: kuhesabu watu na jile zao, kisha kuomba kapiteni awashe redio, aite, na mtu mwingine ajibu. Boti isiyojibiwa isiondoke.

Abiria naye ana haki ya kuuliza mbele ya kulipa tiketi: tukipata shida katikati ya ziwa, mtaita nani, na kwa kifaa gani? Kama jibu ni simu ya kapiteni peke yake, basi abiria anajua anapanda nini.