Paneli kuukuu ya jua inaweza kuokoa betri ya Fuso

MASIKA yanapokolea, kati ya Machi na Mei, si ajabu kuona malori ya wafanyabiashara wadogo wa Ubena Zomozi na vijiji vya jirani mkoani Pwani yakiwa yameegeshwa wiki hadi wiki. Barabara za mashambani zimejaa matope, mazao ya kubeba ni machache, na mwenye gari haoni sababu ya kuchoma dizeli bure. Trekta nazo, zikishamaliza kulima, husimama chini ya mwembe zikisubiri msimu mwingine.

Gharama ya kuegesha huko haionekani mara moja. Huonekana Juni, gari linapopata safari ya kufuata viazi Njombe. Dereva analala Makambako, anaamka alfajiri na kuwasha gari. Starta inaguna mara moja na kunyamaza. Utingo anatumwa kutafuta wa kubusti, na lawama zote inapewa baridi ya Nyanda za Juu Kusini. Ukweli ni kwamba betri hiyo ilianza kufa nyumbani, kwenye joto la Pwani.

Betri ya risasi na asidi hupoteza chaji hata kama haijafungwa kwenye chombo chochote, na kasi hiyo huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi joto 10 zinazoongezeka. Ikikaa muda mrefu na chaji pungufu, sahani zake za risasi hujenga ukoko wa salfeti. Ukoko huo ukishakuwa mgumu, chaja haiuondoi wote, na betri hairudi kwenye uwezo wake wa awali.

Kule Njombe, ambako usiku wa Juni na Julai joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10, kila betri hupungukiwa nguvu na oili ya injini huwa nzito. Betri nzima huvumilia. Iliyokwisha kudhoofika ndiyo inayomwangusha dereva.

Aidha, gari la siku hizi halilali kabisa linapoegeshwa. Kengele ya wizi, redio na kifaa cha kufuatilia gari kwa setilaiti huendelea kunyonya umeme. Vikivuta kwa pamoja miliampea 50 tu, hiyo ni saa-ampea 1.2 kwa siku, au 36 kwa mwezi. Kwa betri ya saa-ampea 100, miezi miwili ya kuegesha inatosha kuimaliza kabisa au kuikaribia.

Hapo ndipo paneli ndogo ya jua inapoingia. Paneli ya wati 10 ya volti 12 hutoa takriban ampea 0.6 jua likiwa kali. Hata mawingu ya masika yakibakiza mwanga unaolingana na saa tatu tu za jua kali kwa siku, hupatikana saa-ampea 1.8. Kiasi hicho kinafidia kile kinachonyonywa na vifaa na kubakiza kidogo cha kuifanya betri isisinzie.

Miaka ya 2000 wapo waliojiundia paneli wenyewe. Jijini Nairobi, vijana wa Kibera waliunganisha paneli ndogo za kuendeshea redio. Kazi yenyewe si uchawi: seli moja ya silikoni hutoa takriban nusu volti, hivyo 36 zilizolehemiwa mfululizo hutosha kuchaji betri ya volti 12. Tatizo ni unyevu. Paneli isiyozibwa barabara huingiza maji, na katika ukanda wa Pwani viungo vyake huota kutu mapema. Isitoshe, kati ya 2010 na 2020 bei ya paneli za kiwandani katika soko la dunia ilishuka kwa takriban asilimia 90. Kulehemu seli nyumbani hakulipi tena.

Hata hivyo, ipo mali iliyosahauliwa. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ulipoanza kazi mwaka 2007, umeme wa gridi umesambazwa kwa mpango wa kuvifikia vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara. Nyumba inapovutiwa umeme, paneli iliyowasha taa kwa miaka mingi inaweza kubaki juu ya bati bila kazi. Paneli ya namna hiyo, ikiwa bado inatoa umeme, inafaa kutunza betri iliyoegeshwa.

Mambo machache yazingatiwe. Malori mengi hutumia volti 24, yaani betri mbili zilizofungwa mfululizo. Paneli moja ya volti 12 haitazichaji, zinahitajika mbili zinazofanana, nazo zifungwe mfululizo. Paneli nyingine zilizouzwa kwa mkopo haziko volti 12, hivyo fundi azipime kwanza kwa mita. Kidhibiti chaji ni lazima kwa paneli kubwa, ili betri isichemke na kukausha maji. Kwa paneli ndogo, angalau iwepo dayodi ya kuzuia umeme usirudi usiku. Fyuzi iwekwe karibu na betri. Wanaohofia wezi waiache paneli juu ya paa la nyumba na kuvuta waya hadi kwenye gari.

Betri iliyopumzika saa kadhaa ikisoma volti 12.6 au zaidi imejaa. Ikishuka chini ya 12.4, ichajiwe bila kungoja safari.

Je, inalipa? Tuchukue mfano wa jozi ya betri ya Sh600,000. Ikidumu miaka miwili, mwenye gari anatumia Sh300,000 kwa mwaka. Ikidumu mitatu, anatumia Sh200,000. Ile Sh100,000 ya tofauti ndiyo kipimo cha fedha anazoweza kuweka kwenye nyaya, fyuzi na kidhibiti, kabla hata ya kuhesabu mzigo uliochelewa sokoni.

Paneli haifufui betri iliyokufa, na lori linalosafiri kila siku halina haja nayo kwani altaneta yake inatosha. Faida ni ya yule ambaye gari au trekta yake husimama kwa msimu. Kwake yeye, wakati wa kufunga paneli ni siku gari linapoegeshwa. Akingoja hadi Makambako, atakuwa amechelewa.