Saratani ya Matiti: Lawama Haiponyi

Yako maneno yasemwayo mitaani ambayo twaona si haki yapite bila kujibiwa. Mwanamke akipatwa na saratani ya matiti, watu huuliza kwanza amekosa nini. Wako wasemao karogwa. Wako wasemao ukoo wake una laana. Na wengine, wanaojiona wameelimika, husema kajitakia mwenyewe kwa maisha yake. Miongoni mwa wasemaji hao wamo wanachama wenzetu na wafanyakazi wenzetu. Kwa hiyo twapenda kusema nao waziwazi.

Kwanza habari ya ukoo. Ni kweli kwamba hatari ya maradhi haya yaweza kurithiwa. Mwaka 1990 mtaalamu wa Marekani, Bibi Mary-Claire King, alionyesha mahali ilipo jeni moja ya urithi huo. Jeni yenyewe, iitwayo BRCA1, ikapatikana mwaka 1994, na ya pili, BRCA2, mwaka uliofuata. Jeni hizi zikiwa nzima huzisaidia chembe za mwili kutengeneza palipoharibika. Mwanamke aliyerithi jeni yenye kasoro hukosa sehemu ya ulinzi huo, na katika wanawake 10 wa namna hiyo, kama 7 hupatwa na saratani ya matiti kabla ya kutimiza miaka 80. Lakini urithi huu ni chanzo cha wagonjwa 5 hadi 10 tu katika kila 100. Tena mume anayewanyoshea kidole wakweze na ajue kwamba jeni hizi hutoka kwa baba sawasawa na kwa mama. Shangazi aliyeugua ni habari ya kumwambia daktari, kama vile mama mdogo aliyeugua.

Pili, habari ya maisha. Pombe huongeza hatari, hata ikinywewa kidogo. Unene wa kupita kiasi baada ya kukoma hedhi huiongeza vilevile, na kuutumikisha mwili huipunguza. Haya yafaa kufundishwa, wala hatuyapingi. Lakini je, mfanyakazi wa zamu ya usiku naye aambiwe kajitakia? Mwaka 2007, na tena mwaka 2019, wataalamu wa kimataifa wa utafiti wa saratani waliiweka kazi ya usiku katika orodha ya mambo ambayo yaelekea kuleta saratani.

Kunyonyesha nako humkinga mama. Uchunguzi uliokusanya habari za nchi 30, uliotangazwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari kwa kama 4 katika 100. Nayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, yampa mama anyonyeshaye hadi saa mbili kila siku katika muda wa kazi. Msimamizi anayemnyima mama saa hizo hamdhulumu mtoto peke yake. Amdhulumu na mama kinga ya mwili wake.

Tatu, na hili ndilo kubwa. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba karibu nusu ya wagonjwa hawana sababu yoyote ijulikanayo, ila kwamba ni wanawake na wamepita miaka 40. Hata wanaume huugua, ingawa hawazidi mmoja katika kila wagonjwa 100. Basi mwenye kulaumu alaumu nini?

Lawama ina madhara yake. Mwanamke aogopaye maneno huficha uvimbe, na kwa kuwa uvimbe huo mara nyingi hauumi, hujiambia utapita. Ndiyo maana wagonjwa wengi hufika Ocean Road, Dar es Salaam, maradhi yamekwisha kuenea, ilhali yakiwahiwa hutibika. Wahenga walisema: mficha maradhi kilio humfichua. Lakini nani amfundishaye kuficha, kama si sisi?

Yatupasa basi tubadili mwenendo. Mume asiulize mkewe amekosa nini. Atoe nauli, afuatane naye mpaka kwa daktari. Viongozi wa matawi walizungumze jambo hili mikutanoni bila haya. Vyama vya wafanyakazi vizidai saa mbili za mama anyonyeshaye mahali zinaponyimwa. Na wewe ndugu uliyezoea kusema karogwa, nyamaza, umwache mgonjwa awahi hospitali.