Kasi pekee haitoshi kompyuta kuu zikifyonza umeme

MASHINDANO ya kuunda kompyuta yenye kasi zaidi duniani huripotiwa kama mbio za farasi: nani wa kwanza, nani wa pili. Swali zito zaidi, la umeme unaofyonzwa na mitambo hiyo, huachiwa aya ya mwisho, endapo litatajwa.

Mnamo 2008, jopo la wataalamu lililoundwa na DARPA, shirika la utafiti la Wizara ya Ulinzi ya Marekani, lilichunguza uwezekano wa kuunda kompyuta ya kupiga hesabu bilioni bilioni moja kwa sekunde. Lilibaini kuwa hata kwa ubunifu wa hali ya juu, mtambo huo ungehitaji zaidi ya megawati 60, ilhali lengo lilikuwa megawati 20. Ili msomaji apate picha, bwawa letu la Masinga lina mitambo ya kuzalisha megawati 40.

Kwa hivyo, kompyuta ya Frontier katika maabara ya Oak Ridge, jimbo la Tennessee, ilipofikia kasi hiyo Mei 2022 kwa takriban megawati 21, haikuwa sifa ndogo. Inategemea zaidi ya chipu 37,000 za aina iliyobuniwa awali kwa ajili ya michoro, ambazo hufanya hesabu nyingi kwa wakati mmoja. Joto lake huondolewa kwa maji badala ya feni.

Lakini kinachowaumiza wabunifu vichwa si hesabu zenyewe. Kusafirisha tarakimu kutoka kwenye hifadhi hadi kwenye chipu hula umeme mwingi kuliko kuzijumlisha, mithili ya mkulima anayegharamika zaidi kufikisha mahindi sokoni kuliko kuyapanda.

Hapo ndipo orodha za washindi zinapopotosha. Mtihani unaotumiwa kuzipanga kompyuta hizi huzipa chipu kazi tele bila safari nyingi za data. Uigaji wa hali ya hewa ni kinyume: data husafiri mno, chipu zikisubiri. Mtambo uliosifiwa kwa kubana umeme waweza kuwa mfujaji ukikabidhiwa kazi halisi.

Isitoshe, kinachookolewa humezwa na ukubwa. El Capitan ya California, iliyotwaa uongozi Novemba 2024, hufanya hesabu nyingi kwa kila wati kuliko Frontier, ila kwa kuwa ni kubwa zaidi, hutumia takriban megawati 30.

Kwa maoni yangu, funzo bora lilitoka kwa ECMWF, kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa. Mnamo 2021, kituo hicho kiliamua kukokotoa utabiri wake kwa usahihi wa takriban tarakimu saba badala ya 16. Vipimo vya joto na upepo vyenyewe havina usahihi wa tarakimu 16, kwa nini basi kuzisafirisha zote? Nafuu iliyopatikana ilitumiwa kugawanya anga katika matabaka 137 badala ya 91, kwenye utabiri unaorudiwa mara nyingi ili kupima uwezekano wa mvua au ukame. Hakukuhitajika kompyuta mpya.

Hilo latuhusu. ICPAC, kituo cha IGAD chenye makao humu nchini, huandaa utabiri wa misimu ya mvua kwa kutumia matokeo ya vituo vikuu vya dunia, kikiwemo hicho cha Ulaya. Mkulima wa Kitui anayesubiri kujua lini apande hutegemea, bila kujua, uamuzi wa wahandisi hao kuhusu tarakimu zipi zihifadhiwe na zipi zitupwe.