Dawa Hutuliza Ubongo, Maelezo Husaidia Kuufundisha Upya

Ubongo haupokei habari za dunia kama kioo kinavyopokea sura. Kila wakati hukisia kitakachotokea, kisha hulinganisha makisio hayo na yanayoletwa na macho na masikio. Mambo yanapokwenda kinyume na matarajio, ndipo ubongo hujifunza.

Mwaka 1997 Wolfram Schultz, Peter Dayan na Read Montague walieleza nafasi ya dopamini katika kazi hiyo. Nyani walipopewa juisi bila kuitarajia, seli zao zinazotoa dopamini zilisisimka. Walipokwisha kujua kwamba ishara fulani huitangulia juisi, msisimko ulihamia kwenye ishara. Ishara ilipotokea na juisi isije, seli hizo zilipungua nguvu. Kwa hiyo dopamini si kemikali ya raha tu. Ni mjumbe anayeuambia ubongo kwamba jambo hili halikutarajiwa, lizingatiwe.

Mjumbe huyo akipaza sauti pasipo sababu, mtu huumia. Katika skizofrenia, utoaji wa dopamini huzidi katika baadhi ya sehemu za ubongo. Mwaka 2003 Shitij Kapur alipendekeza kwamba kwa njia hiyo mambo ya kawaida hubeba uzito yasiostahili: kikohozi cha jirani, tangazo la redioni, gari lililoegeshwa nje. Mgonjwa hulazimika kuutafutia uzito huo maelezo, na maelezo anayoyapata huenda yakawa kwamba anafuatwa au amelogwa. Huo si ukaidi.

Dawa kama haloperidoli na risperidoni huzuia vipokezi vya dopamini. Kwa mtazamo huo, hupunguza uzito wa ishara, lakini hazifuti mara moja yale ambayo mgonjwa amekwisha kuyaamini. Ndugu wakiona baada ya wiki mbili kwamba bado anamshuku jirani, hudhani dawa imeshindwa, nayo huachwa. Ugonjwa hurejea, mara nyingine kwa ukali zaidi.

Kwa maoni yangu, kumpa mgonjwa vidonge bila maelezo ni kumpa nusu ya tiba. Mhudumu wa afya awaeleze mgonjwa na ndugu zake kwamba kwa kawaida hofu hutangulia kupungua, na imani hulegea taratibu. Awaeleze pia kwamba kubishana na mgonjwa hakusaidii, wala kuikubali imani yake. Kinachosaidia ni utulivu na maisha ya kila siku: kila siku inayopita bila jirani kumdhuru ni somo kwa ubongo ambao sasa unaweza kujifunza.

Wenzangu watasema kliniki zimejaa na muda hautoshi. Ni kweli, lakini dakika tano za maelezo ni chache kuliko wiki za kulazwa tena.

Nawe unayetumia dawa hizi, ukikakamaa misuli, ukitetemeka au ukiongezeka uzito, usiache dawa kimyakimya. Njoo useme. Dozi inaweza kupunguzwa na dawa inaweza kubadilishwa, nawe una haki ya kuuliza.